Malipo: Utamfundisha Anayekufuata

Siku ya kuniaga ofisini mlinipa keki, saa ya ukutani na daftari. Keki tuliimaliza palepale. Saa nimeitundika sebuleni, inakimbia dakika tano mbele kama mtu anayewahi ibada. Daftari ndilo linanisumbua, kwa sababu Nekesa wa kaunta aliniambia, "Mama Yona, tuandikie vile ulikuwa unafanya. Sisi tunakuja na digrii lakini watu wanatuogopa." Basi naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, ni huohuo wenu.

Wengine wanauliza mtu wa miaka arobaini na saba anastaafu vipi. Utaratibu wa kazi unaruhusu, na mgongo wangu ulikuwa umeruhusu zamani. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilitusaidia dawatini, akija Msoga, akija Mgisu, akija Mteso au Mnubi. Changu nilikitoa Kimaka, kambi ya jeshi pale Jinja. Baba yangu alikuwa mpishi wa wanajeshi kule, kwa hiyo ni Kiswahili cha jikoni na cha paredi. Mkikuta makosa, sahihisheni kimoyomoyo.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kodi ya Jinja nilifika na ndoo. Sikupelekwa kwa kompyuta, nilipelekwa kwa choo. Shule nilikuwa nimeachia kidato cha pili, nina mtoto mmoja mgongoni na mwingine yuko njiani, na nilimshukuru Mungu kwa ile ndoo kama watu wengine wanavyoshukuru kwa gari.

Mlangoni alikuwa anakaa Bi Zaituni, mama wa Kinubi, mrefu, mtandio wa manjano, kazi yake kupokea wageni. Siku ya tatu alinikuta nimesimama na karatasi niliyoitoa kwenye pipa la taka.

"Wewe, unafagia karatasi au unasoma?"

"Nasoma kwanza, Bi Zaituni, halafu nafagia."

"Ukimaliza njoo unieleze. Hiyo barua mimi sijaielewa tangu asubuhi, ndiyo maana niliitupa."

Kuanzia hapo kila mchana, wenzetu wakienda kula, alikuwa ananiweka mbele ya kompyuta yake. Yeye anasema bismillah, mimi naomba kwa jina la Yesu, na kompyuta inawaka ikitaka. Jioni nilikuwa nakwenda masomo ya watu wazima Mafubira, katika shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto wadogo, magoti karibu na masikio, mimi na dereva wa boda na mama mmoja muuza samaki aliyekuwa anajua hesabu kuliko mwalimu. Miaka minne. Nilipopata cheti nilimpelekea Bi Zaituni akione, nikamuuliza nimpe nini kwa kunifundisha.

"Utanilipa," akasema. "Akija mfagiaji mwingine, utamfundisha hiki nimekufundisha. Usipomfundisha, nitakudai ahera. Na kule najua nitakupata, wewe unaomba sana."

Halafu serikali ikaleta ile kazi mnayoijua: mtu wa kawaida anajaza ritani yake ya kodi, ile fomu ya mapato, mwenyewe kwenye mtandao, bila kulipa mtu. Wakaweka dawati la kusaidia wasiojua, na Bi Zaituni akasema hakai pale bila mimi.

Wiki ya kwanza nilifukuza watu bila kujua. Alikuja mzee mmoja, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha Kimaka, "Kaa hapo. Jina? Unatoka wapi? Kitambulisho iko wapi?" Mzee akainua mikono yote miwili juu. Bi Zaituni akamshusha mikono polepole, akamletea maji, halafu akanivuta pembeni.

"Kiswahili chako kimevaa buti. Vua. Huyu mara ya mwisho kuulizwa hivyo ilikuwa kizuizi cha barabarani, na aliyeuliza alikuwa na bunduki."

Nikajifunza kuvua. Kwanza salamu. Nyumbani vipi, mvua vipi, watoto wanasoma? Kitambulisho unakiomba mwisho kabisa, tena kama umekikumbuka sasa hivi. Nekesa, hiyo ndiyo siri ya kwanza. Ninyi mnaanza na kitambulisho.

Kesi ngumu ya Jinja ilikuwa ya mchungaji. Tulijaza kila kitu vizuri mpaka mwisho, pale kuna kisanduku cha kutia alama kwamba yote uliyosema ni kweli. Akarudisha mkono nyuma.

"Mama Yona, hapa naapa?"

"Huapi, mchungaji. Unatangaza tu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya serikali."

"Na Mungu haoni kompyuta?"

Nikamwambia anaona. Akaomba apewe wiki moja ya kufunga na kusali. Nikampa. Aliporudi alikuwa amekumbuka nyumba mbili za kupangisha. Mpaka leo sijaona mkaguzi wa kodi aliyefanya kazi kubwa kama kile kisanduku.

Bi Zaituni akastaafu, mimi nikahamishiwa Mbale kuanzisha dawati peke yangu. Walinipa meza, kompyuta mbili, printa inayokula karatasi na benchi la watu kumi. Kwenye karatasi kubwa niliandika BURE, nikaibandika ukutani, nikakaa. Siku tano benchi lilikuwa tupu kabisa. Aliyekaa alikuwa mimi mwenyewe, nikijaribu kama halikwaruzi.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha Bwana Mafabi. Kazi yake fotokopi, picha za pasipoti, na kujazia watu ritani kwa pesa. Foleni yake ilifika kwa muuza chapati.

Wiki ya pili Bwana Mafabi akavuka barabara. Tabasamu kubwa, mkononi mfuko wa plastiki. Ndani kuna vitambulisho vya taifa tisa na simu tisa za batani. Akanisalimia kwa Kigisu, amani, mama.

"Mulembe, mayi. Nimeleta jamaa zangu kidogo. Wazee, hawawezi kutembea."

Nikafurahi. Nilijaza zote tisa, kila simu ikilia na zile namba za siri nazisoma, naziandika. Kesho yake akaleta jamaa kumi na mmoja. Nikamwambia ana ukoo uliobarikiwa, akaitika amina. Ilichukua siku nne mimi kuona kwamba wale wazee wasioweza kutembea wamesimama kwenye foleni yake, ng'ambo, wananiangalia. Yeye anachukua pesa kule, kazi naifanya mimi huku, bure, na maombi juu.

Nilivuka barabara kwa hasira ya kiroho. Mbele ya foleni alikuwa Mama Neumbe wa mlimani Wanale, mkulima wa vitunguu, amevaa gauni la gomesi la bluu na mshipi umefungwa kama wa bondia.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini unalipa hapa na mimi niko pale bure?"

Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Mayi, kitu ya serikali ikiwa bure, ujue bei iko nyuma, inakuja. Huyu Mafabi ni mwizi, lakini wizi yake namaliza leo, naenda nyumbani. Yako itanifuata mpaka lini?"

Bwana Mafabi hakukasirika hata kidogo kuitwa mwizi. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesifiwa.

Nilirudi nikaomba, nikasema Bwana, hawa watu wanataka kulipa na mimi siruhusiwi kupokea hata ndizi. Nikamkumbuka Bi Zaituni. Nikabandua ile karatasi, nikaandika nyingine: MALIPO: UTAMFUNDISHA ANAYEKUFUATA.

Mnaona vile watu wako? Mama Neumbe alivuka barabara siku ileile kuisoma. "Ah," akasema, "sasa hiyo ni bei." Na kwa sababu ni bei, wakaanza kupatana nayo. Mmoja anasema, "Nifundishe nusu, huyu anayenifuata ni mzito." Mwingine amefundisha wawili, anadai chenji. Babu mmoja alimleta mke wake akae nyuma yake kwenye benchi ili malipo yabaki nyumbani. Lakini benchi lilijaa. Mimi nilikuwa namwanzisha wa kwanza asubuhi, halafu nakaa nyuma yao, na hakuna mtu kubonyeza kile kitufe cha mwisho cha kutuma kabla sijaangalia. Hiyo ilikuwa sheria. Niliivunja mwenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri. Mama Neumbe alikuwa na kikundi cha wanawake kumi na wawili wa Wanale. Shule moja ya bweni ilikuwa imekubali kununua vitunguu vyao muhula mzima, lakini mhasibu wa shule akasema kila mmoja alete cheti cha kuonyesha yuko sawa na kodi, na kazi yake iandikwe pale, Ijumaa mwisho. Wasipoleta, shule inachukua kwa tajiri mmoja mwenye lori. Vitunguu vilikuwa vimeshang'olewa. Vimetandazwa kwenye veranda zote za Wanale, na mvua inakuja kila saa tisa kama karani. Wengine walimwambia Mama Neumbe waende kwa Mafabi. Yeye akasema hapana, tunaenda kwa mayi wa benchi. Hilo neno nililibeba kifuani kama nishani.

Walifika Jumatano asubuhi, kumi na wawili wote, wamevaa gomesi. Wa kwanza kwenye benchi, mbele yao, alikuwa Afande Odongo, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, siku hizi analinda geti la jirani. Nilimwanzisha mimi mwenyewe. Ya kwake rahisi: kazi, mwanajeshi mstaafu, mapato, pensheni, tuma. Akashika haraka kushinda mtu yeyote niliyemfundisha. Aligeuza fomu yote kuwa gwaride.

"Mshale chini mara tatu! Bonyeza! Mshale kulia mara moja! Bonyeza! Umeelewa, mama?"

"Ndiyo, afande!" akajibu Mama Neumbe.

Nikaangalia saa. Ilikuwa saa saba kasoro, wakati wa ibada yetu ya mchana, na mimi ndiye nilikuwa naongoza nyimbo. Nikasema, Afande yupo, wanaelewana, saa moja tu. Nikamwambia, "Afande, wasitume bila mimi."

"Sawa, mama!"

Tuliimba vizuri siku ile. Nilirudi bado nina wimbo mdomoni, nikakuta wanawake kumi na wawili wamesimama mstari mmoja, kila mmoja na risiti yake imetoka kwa printa. Afande kifua mbele.

"Kazi imekwisha, mama. Hakuna aliyebaki nyuma."

"Mmetuma?"

"Kwa amri ya kuokoa muda."

Nikachukua risiti ya Mama Neumbe. Kazi: mwanajeshi mstaafu. Mapato: pensheni. Nikachukua ya pili. Mwanajeshi mstaafu. Ya tatu, ya nne. Afande alimfundisha Mama Neumbe hatua zake yeye, mshale kwa mshale, Mama Neumbe akamfundisha wa pili bila kuacha hata moja, mpaka kwa Kukhu Nandudu wa mwisho, bibi wa miaka sabini na zaidi, asiyeweza kusoma jina lake, ambaye sasa serikali ilikuwa inamjua kama askari aliyemaliza kazi yake kwa heshima.

Nilikaa kwenye sakafu. Niliwaeleza. Halafu kicheko kikatoka ng'ambo ya barabara, kwa sababu habari Mbale haihitaji netiwaki.

"Brigedi ya vitunguu!" Bwana Mafabi akapiga saluti kutoka mlangoni kwake. "Kuja hapa, makamanda! Nawasahihishia, kila mtu na pesa yake!"

Mama Neumbe hakucheka. "Mayi, Ijumaa ni kesho kutwa."

"Najua, mama."

"Niliwaambia hawa waache Mafabi. Mimi niliwaambia."

"Najua. Kosa ni langu. Nilienda kuimba. Kaeni hapo, nitawasahihishia zote mwenyewe sasa hivi."

Nikashika kipanya cha kompyuta. Akaniwekea mkono juu ya mkono, mkono mgumu kama jembe. "Wewe usiguse. Ukifanya wewe, mwaka kesho tutakuwa tena wanajeshi."

Saa hiyohiyo netiwaki ikakatika, mvua ya saa tisa ikaanza, wakaondoka mbio kwenda kufunika vitunguu. Mimi nilikwenda nyumbani nikaungama kwa Mungu kwamba nilimwacha pale benchini bila ruhusa yake ili nikamwimbie.

Alhamisi, kabla sijafungua mlango, nilisikia, "Kushoto, kulia!" Afande Odongo alikuwa amekwenda Wanale kwa miguu tangu alfajiri, akawashusha wote kumi na wawili. Macho mekundu. Aliniambia, "Mama, mimi niliwapeleka vibaya. Nawarudisha."

Nikafikiri. Kosa lilitoka kwa wa kwanza likaenda mpaka wa mwisho. Nikasema basi tuanze na wa mwisho. Nikamkalisha Kukhu Nandudu mbele ya kompyuta, bibi wa miaka yote ile. Sikugusa kitu, nilionyesha kwa kidole tu. Herufi hazijui, lakini alikuwa anashika mahali: "Ile iko chini ya mstari wa kijani, ile iko pembeni kama mlango." Tulipofika kwenye kazi akatafuta, akatafuta, nikamsomea, akabonyeza pa mkulima kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Halafu akamwita aliyekuwa amemfundisha jana. "Kuja hapa. Jana ulinidanganya. Kaa, nikuonyeshe."

Hivyo wakarudi nyuma, mmoja mmoja, kila mwanafunzi anamfundisha mwalimu wake. Kelele zilikuwa nyingi. "Si hapo! Wewe bado askari!" "Polepole, usinisukume, unanichafulia kilimo changu." Kuna mahali panapouliza sababu ya kusahihisha, na wasioweza kuandika waliandikiwa na wenzao, maneno yao yaleyale. Mmoja akaandika: Mimi sijawahi kushika bunduki isipokuwa ya kufukuzia ndege, na ilikuwa ya mbao. Mama Neumbe aliandika mwenyewe: Nilifuata amri.

Masahihisho yalikuwa lazima yapitishwe na meneja wetu, Bwana Opio, mtu wa tai na maneno machache. Saa sita akatoka ofisini kwake na simu mkononi.

"Mama Yona. Nina wanajeshi wastaafu kumi na wawili hapa wanaotaka kuwa wakulima. Wote leo asubuhi."

"Ndiyo, bosi."

"Kamanda wao ni nani?"

Nilifungua mdomo nijitaje. Mama Neumbe akasimama kwanza, akapiga mguu chini. "Mimi, bwana!"

Bwana Opio aliwaangalia wote, gomesi kumi na mbili, na Afande Odongo mwisho wa benchi. Mama Neumbe alikuwa amemalizana na wenzake, sasa anamfundisha Afande, na Afande hana cha kusahihisha, yake ilikuwa sawa tangu mwanzo. Alikuwa anajifunza tu fomu ya vitunguu inavyojazwa, mgongo wima, akisema, "Rudia tena, mama." Bwana Opio akasoma ile karatasi yangu ukutani. Nilijua atasema ibanduliwe.

"Nani anamfuata Afande?" akauliza.

"Hakuna, bosi, ni wa mwisho."

"Basi anadaiwa," akasema, akarudi ofisini kupitisha.

Ijumaa saa nne vyeti kumi na viwili vilitoka, kila kimoja kimeandikwa kilimo cha mboga. Printa ilikula kimoja, tukakirudia. Mama Neumbe alivifunga kwenye leso, akaenda shuleni kwa miguu, na wote kumi na wawili nyuma yake, mstari mmoja. Walipopita kibanda cha Bwana Mafabi wakampigia saluti. Jumatatu vitunguu vikaanza kushuka kutoka Wanale. Mhasibu wa shule aliniambia baadaye kwamba wale akina mama wanafika dakika kumi kabla ya saa waliyoambiwa, na hajui wamefundishwa wapi.

Tangu siku ile sikutoka benchini kwenda ibada mpaka mtu wa mwisho ametuma. Bwana alielewa. Waimbaji wenzangu hawakuelewa, walinitafutia mtu mwingine wa sauti ya kwanza, na nasikia anaimba vizuri, kwa hiyo hata hilo lilikuwa la baraka.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu. Ritani yangu ya kwanza tangu nistaafu. Nekesa, wewe uliniona nikiingia, ukataka kunipitisha kwa mlango wa nyuma, nikakataa. Nilikaa kwenye benchi kama watu. Aliyekuwa mbele yangu alimaliza, akageuka alipe deni lake kwa kunifundisha, kumbe ni Mama Neumbe, gomesi ya bluu ileile, miwani mipya.

"Mulembe, mayi. Nyumbani vipi? Mvua vipi? Watoto?" Kitambulisho akakiomba mwisho, kama amekikumbuka sasa hivi. Halafu akasogeza kiti. "Kazi gani siku hizi?"

"Nimestaafu, mama. Pensheni."

Akavua miwani, hakuihitaji tena.

"Hiyo naijua bila kuangalia," akasema. "Mshale chini mara tatu. Bonyeza."

Sikuondoka bila kulipa. Aliyenifuata kwenye benchi alikuwa Bwana Mafabi, bila mfuko, na kitambulisho kimoja tu mkononi, cha kwake.